Mama Mkwe Kwenye Haisi Yetu

Mume wangu aliona nyumba ya magurudumu kwa mara ya kwanza pale Sirari, mpakani. Wakati ule alikuwa bado anabeba vitunguu na mahindi kwa haisi yake, na siku hiyo foleni ya kugonga pasi ilikuwa ndefu. Mbele yake palikuwa na gari jeupe la Wazungu wawili, mtu na mkewe, watu wazima wenye mvi. Mwanaume alipokuwa akihangaika na karatasi dirishani, mkewe alifungua mlango wa nyuma, akawasha jiko na kukaanga mayai. Mume wangu akasogea kuchungulia. Aliona kitanda kilichotandikwa, rafu ya vikombe na kipazia cha maua dirishani. Jioni aliporudi Tarime alinipa habari hiyo kabla hata hajavua viatu.

"Mwalimu," alisema, maana hata baada ya kustaafu ndivyo anavyoniita, "wale watu wanatembea na nyumba yao, na hawana haraka na mtu."

Nilidhani yataishia hapo. Lakini biashara ya vitunguu ilipomchosha mgongo na watoto wote wakawa wamejitegemea, aliingiza haisi uani, akang'oa viti vyote vya nyuma na kumwita binamu yake kutoka ng'ambo ya Kenya, ambaye ni fundi wa kuchomelea. Yule binamu alipima, akakuna kichwa, akaniuliza, "Sasa shemeji, hapo ndani mtalala aje na nyumba kubwa mko nayo?" Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Nilichojua ni kwamba maisha yetu yote mume wangu alikuwa barabarani na mimi nilikuwa darasani, na tulikuwa tumezoeana kama watu wanaokutana stendi. Nilitaka kuona tutakuwaje tukikaa pamoja kutwa nzima.

Basi tukapata kitanda cha chuma chenye godoro zuri, na chini yake nafasi ya madumu ya maji. Tukaweka jiko dogo la gesi, ndoo, sufuria mbili na neti. Tuliondoka Tarime asubuhi ya baridi, majirani wakitutazama kama watu waliofukuzwa na mwenye nyumba.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Genkuru, kwa dada mkubwa wa mume wangu. Tulifika mchana, tukala ugali kwa dagaa na mboga za kienyeji, tukazungumza mpaka jua likaelekea kuzama nyuma ya mlima wa mawe yaliyotolewa kwenye mgodi wa dhahabu wa jirani. Mume wangu akanyanyuka, akasema sasa tunakwenda kulala garini. Wifi yangu aliacha kukusanya vyombo, akamgeukia.

"Mmekuja kwangu au mmekuja kuegesha?" akauliza.

"Dada, ndiyo safari yenyewe. Tunalala humo."

"Kesho majirani wakisema mdogo wangu na mkewe wamelala nje kama walinzi, nitawajibu nini? Kwamba kitanda sina?"

Tulilala ndani. Alitutandikia chumba chake mwenyewe, naye akaenda kulala na wajukuu. Asubuhi alitufungia kuku mzima na viazi vitamu vya njiani, akazunguka gari mara moja, akagonga bati lake, akasema ni gari zuri. Hakutaka kuangalia ndani.

Mume wangu alicheka kidogo tulipokuwa tunapanda vilima vya kwenda Nyanungu. Alisema kosa letu ni kutalii mahali ambapo kila kona tuna ndugu, na kwamba wale Wazungu walikuwa na bahati ya kutojulikana na mtu. Nami nilikuwa nafurahi. Barabara inapanda kwa kujipinda katikati ya migomba na mashamba ya mahindi, na kila unapogeuka nyuma unaona bonde limeongezeka. Njia hiyo nilikuwa nimeipita mara nyingi, kila mara nikiwa kwenye basi, nimebanwa, nikiwaza mgonjwa au msiba uliokuwa unanipeleka. Sasa tulisimama tulipotaka. Tulichemsha chai juu ya jiwe kubwa na kuinywa polepole tukiangalia ukungu ukiondoka juu ya mashamba. Mume wangu alinionyesha kwa kidole mahali Mto Mara unapopita kule chini, mstari wa miti myeusi tu.

Nyanungu ndiko kwa mama yangu. Kwetu Wakurya, mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali pamoja, na mkwe halali ndani ya nyumba ya mama mkwe. Siku hizi vijana wengi wameyalegeza mambo hayo, hasa wale wa mjini, lakini mama yangu hajalegeza chochote. Tangu nimeolewa, zaidi ya miaka thelathini, mume wangu alikuwa hajawahi kumwona uso kwa karibu. Akija kusalimia, husimama nje ya uzio, hutoa shikamoo akiwa ametazama pembeni, na mama humwitikia kutoka jikoni. Kulala ilikuwa kwa jirani.

Safari hii alisimamisha haisi karibu na zizi, mbali na mlango wa mama, na tukalala humo bila kumwomba jirani. Kwa mara ya kwanza gari lile lilifaa mahali.

Asubuhi mama alinijia na fimbo yake, amevaa sweta juu ya gauni, na shuka zito juu ya sweta, kama kawaida yake ya mlimani.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Ameshuka shambani, mama."

"Vizuri. Nifungulie nione."

Aliingiza kichwa, akapapasa godoro kwa kiganja, kisha akakaa ukingoni na kujilaza taratibu bila kuvua hata ndala. Nyonga zake zilikuwa zimemkatalia kukaa kwenye kiti cha basi kwa miaka mingi. Alilala pale akitazama bati la juu.

"Hii inafika Machochwe?" akauliza.

Machochwe ndiko alikozaliwa, ng'ambo ya mto, pembeni kabisa mwa hifadhi. Aliletwa Nyanungu akiwa msichana, baba yangu alipomwoa kwa ng'ombe. Mara ya mwisho kwenda kwao ilikuwa kumzika kaka yake, na baada ya hapo nyonga zikamzuia.

"Inafika, mama. Lakini dereva ni mkwe wako."

Akapapasa tena godoro. Kisha akasema, "Mwekee pazia."

Mume wangu alipoambiwa alikaa juu ya jiwe akavua kofia. Nilidhani atakataa. Aliuliza tu kama mama amesema hivyo kwa mdomo wake mwenyewe, nikamwambia ndiyo, akaomba kanga zangu mbili na misumari. Alizitundika nyuma ya kiti chake, akazivuta ziguse pande zote, halafu akaingia nyuma yeye mwenyewe kujaribu kama kuna upenyo wa kuonana. Kioo cha kutazama nyuma alikigeuza kielekee juu. Nilimkumbusha kwamba dereva anahitaji kioo. Akasema vya pembeni vinatosha.

Hivyo ndivyo tulivyosafiri, mume wangu mbele, mimi na mama nyuma. Tulirudi chini, tukavuka Mto Mara kwa daraja, tukashika njia ya Mugumu kabla ya kukunja kuelekea Machochwe. Mama alilala kwa ubavu akitazama nje kupitia dirisha dogo. Alikuwa na maneno kwa kila kitu. Aliuliza nyumba zote hizi za bati zimejengwa lini, na kwa nini watu wamekata miti ya mtoni. Kila alilotaka dereva alijue alinipa mimi, ingawa kati yao palikuwa na unene wa kanga tu.

"Mwambie apunguze mwendo."

"Baba, punguza mwendo."

"Nimesikia," anasema mume wangu. "Mwambie mama ni mawe, si mwendo."

"Nimesikia," anasema mama. "Mwambie basi aepuke mawe."

Mchana tulifika kwenye korongo, si mbali na Machochwe. Maji yalikuwa machache, ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Huku kwetu jua lilikuwa linawaka, lakini milimani kulikuwa kumeshika weusi, na mume wangu alisimama ukingoni akapaangalia kabla ya kuingia. Aliamua tuvuke upesi. Katikati gari likazimika. Alijaribu kuliwasha, likakohoa, likanyamaza. Alishuka, akainama kutazama injini, na alipoinuka maji yalikuwa yamepanda mpaka nusu ya magurudumu, mekundu, yamebeba majani na vijiti.

Alikuja kwenye dirisha langu. "Mwalimu, maji ya mlimani yanakuja. Mtoe mama sasa hivi."

Nilifungua mlango wa pembeni, nikaingia kwenye maji, nikamshika mama chini ya mabega. Goti langu, linalonisumbua tangu siku za kusimama darasani, halikunipa hata hatua moja. Niliteleza nikakaa kwenye maji mpaka kifuani, nikashika mlango nisichukuliwe. Mume wangu alininyanyua kwa mkono. Tulitazama ng'ambo zote mbili. Hapakuwa na mtu. Gari lilianza kutikisika.

Akageuza uso wake upande wa pili, akasema kwa sauti ya chini sana, kama mtu aliye kanisani, "Muulize mama kama ataniruhusu."

Sikuhitaji kumuuliza. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, amebana midomo. Nilimwona akifikiri. Nadhani katika maisha yake yote hakuna kitu alichokuwa amekilinda kwa makini kama heshima ile.

"Mwambie afumbe macho," akasema.

"Mama, hawezi kutembea ndani ya maji macho yakiwa yamefumbwa."

"Basi atazame juu."

Akavuta shuka akajifunika kichwa na uso wote. Mume wangu alikuja kinyumenyume, akageuka, akatia mikono yake chini ya lile furushi na kuliinua. Kisha akainua uso mbinguni. Nilitangulia mbele yake, mkono wangu umeshika mkanda wake wa suruali, nikimwambia kushoto, kulia, hapa kuna jiwe, inua mguu. Maji yalitupiga mapajani. Tulivuka hivyo, mimi nikichechemea, yeye akitembea kama kipofu anayeangalia mawingu, na mama katikati yetu.

Alimweka chini ya mti, juu ya nyasi, kwa uangalifu wa mtu anayeweka mayai. Halafu akaenda mbali, akasimama ametugeuzia mgongo, maji yakimtiririka kwenye suruali.

Mama alifunua uso. "Gari?" akauliza.

Gari lilikuwa limesogezwa kidogo na kuinamia upande, lakini lilishikwa na mwamba. Maji yalipita juu ya sakafu yake, yakachukua ndoo yetu na ndala moja ya mama. Kisha, kama ilivyo kawaida ya makorongo yale, yakaanza kupungua. Jioni ilipokaribia alipita mzee mmoja akitoka shambani na ng'ombe wake wa kulimia. Tulimpa shikamoo, naye hakuuliza mengi. Alifunga mnyororo wa jembe kwenye bampa ya haisi, akawasemesha ng'ombe kwa Kikurya, na wale wanyama wakaivuta nyumba yetu nje ya korongo kama wanavuta mkokoteni wa kuni. Mume wangu alikausha plagi, akasafisha alichoweza kusafisha, na baada ya kukohoa sana injini ikawaka.

Tuliingia Machochwe kwa binamu yangu, mtoto wa yule marehemu kaka wa mama, tukiwa tumelowa matope. Tulipewa nguo kavu na uji wa moto. Mama aliingizwa ndani, mume wangu akapelekwa kwenye nyumba ya wageni upande mwingine wa uwanja. Nilipokuwa namsugua mama miguu kwa mafuta, alisema, "Amenibeba vizuri."

"Nimwambie?"

Akafikiri. "Mwambie. Halafu mwambie mbuzi nitamtaka. Jambo kama lile halipiti bila mbuzi."

Mume wangu alipoipata habari hiyo alifurahi kuliko nilivyotegemea. Kumbe kutwa nzima alikuwa anaogopa kwamba amevunja kitu kisichounganishika. Mbuzi ni jambo linaloeleweka; ukimtoa, heshima iliyoguswa inarudi mahali pake. Asubuhi yake alimnunua hapohapo kwa jirani wa binamu yangu, mbuzi jike mweupe, akamfunga mahali mama angemwona akitoka.

Siku hiyo mama alikalishwa kwenye kigoda nje, upande unaotazama tambarare. Kwa mbali, ndani ya hifadhi, kuna kilima alichokuwa akikwea utotoni kuokota kuni. Macho yake hayafiki mbali. Mume wangu akasimama nyuma ya ghala, mahali ambapo hawaonani, akaanza kuniambia kwa sauti kubwa yale aliyokuwa anayaona.

"Mwalimu, nyumbu wamefika kushoto kwa kilima. Ni wengi."

"Mwambie sioni nyumbu," mama akaniambia. "Naona weusi tu."

"Baba, anaona weusi."

"Mwambie huo weusi ndio nyumbu wenyewe."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona akicheka hivyo. Akakaa pale mpaka jua likawa kali, akisikilizishwa kilima chake.

Tulimwacha na watu wake mchana, mimi na mume wangu tukaenda na haisi kandokando ya mpaka wa hifadhi, maana mpango wetu ulikuwa tumpumzishe hapo, sisi tuendelee mpaka Ikoma na Nata, kisha tumpitie tukirudi. Tulisimama mahali palipoinuka kidogo. Pundamilia walikuwa karibu, wengine wameegemeza vichwa kwenye migongo ya wenzao. Upepo ulikuwa mzuri. Nilitandika mkeka kwenye kivuli cha gari, nikatoa chupa ya chai. Nilikuwa nimeingojea saa kama hiyo tangu Tarime.

Lakini mume wangu hakuwa pamoja nami. Alishika kikombe bila kunywa.

"Kuna kitu kinanisumbua," akasema. "Mama ni mwepesi."

"Ni mtu mzima."

"Najua watu wazima. Nimebeba magunia maisha yangu yote, najua uzito. Nilipomwinua nilidhani nimenyanyua shuka tupu, kwamba yeye nimemwacha garini. Ilibidi nimtikise kidogo nihakikishe yumo."

Nikamwambia mama hula vizuri, kila nikija ananiambia ameshakula. Na nilipokuwa nasema hivyo nikasikia maneno yangu. Ananiambia ameshakula. Chini ya sweta na shuka lile hakuna aliyekuwa amemshika. Hata jana, nilipomshika mabegani, goti lilinitoka kabla sijampima. Na wakati namsugua mafuta nilikuwa nimeangalia miguu, ambayo ilikuwa imevimba kwa safari, nikaona miguu imejaa.

Hatukwenda Ikoma. Tulikunja mkeka, chai tukaimwaga kwenye nyasi, tukarudi.

Mama alikasirika sana. Alisema hajaumwa, hajamwita daktari, na kwamba hatakubali kuharibiwa matembezi yake. Nilimwambia amekuwa mwepesi. Akauliza nani amesema. Nikainama kufunga mfuko wake wa nguo. Akaelewa, akatazama upande wa nyumba ya wageni, na hasira ikamtoka polepole.

"Ni meno," akasema baadaye, amefunika mdomo kwa kiganja. "Nikitafuna, maumivu yananipanda mpaka sikioni. Nikaona aibu kusema. Nyama nampa mbwa. Ugali nampa kuku."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno."

Sikuuliza mavuno yapi.

Tulimpeleka hospitali Mugumu, pazia likiwa mahali pake. Yaling'olewa meno yaliyooza, akapewa dawa, na kwa siku chache tulikaa kwa binamu yangu tukimnywesha uji wa ulezi wenye maziwa na karanga zilizosagwa. Mume wangu ndiye aliyekuwa akiusaga ulezi na karanga kwa jiwe, nje, jambo ambalo wanawake wa pale walikuja kulitazama. Kila akimaliza alinikabidhi bakuli na kuniuliza jana mama alimaliza au alibakiza.

Mama sasa ananenepa. Yuko Nyanungu na mbuzi wake, ambaye amezaa, na mdogo wangu anayeishi naye ana amri kutoka kwangu ya kumwangalia anapotafuna. Mama na mume wangu wanaendelea kusalimiana kupitia uzio, kila mmoja akitazama upande wake. Hakuna aliyelegeza.

Nata tulifika kiangazi, wawili tu. Tulikaa nje ya mji kwenye uwanja wa mwenyeji mmoja ambaye si ndugu wa mtu yeyote tunayemjua, na hakuna aliyetulazimisha kulala ndani. Vumbi lilikuwa jingi na nyasi zimekauka, hapakuwa na mandhari ya kupigia picha. Mchana mmoja mume wangu alilala na mlango wazi, mdomo wazi pia, nami nikakaa kwenye ngazi ya gari nikichambua mchele. Alipoamka akauliza tumekaa pale siku ngapi. Nikamwambia sijahesabu. Akasema vizuri, akageukia upande wa pili akaendelea kulala.